Chumba Kisicho na Moshi

Usiku nilisikia filimbi, nikadhani ni ya mlinzi wa mtaa, ikalia tena karibu mno, kumbe inatoka kifuani mwa mwanangu. Sikufumba jicho tena. Kulipopambazuka, jua jekundu kama kaa la moto, misitu ya mlimani bado inaungua na baba yake yuko huko huko na wenzake wanafyeka njia ya kuuzuia moto, nikambeba mbio hadi zahanati, nesi akampa dawa na neno moja: alale chumba kisicho na moshi. Chumba gani? Changu ni cha mbao, moshi unaingia bila hodi. Nikarudi nikajibwaga kwenye benchi la kona, walipo wazee wangu wa kila siku: Waziri, fundi cherehani mwenye majibu ya dunia nzima, Betri, muuza kahawa, kahawa yake inamwasha mtu mpaka kesho, na Kipaza, anayekodisha spika na kurekodi kwaya nyumbani kwake. Wote watatu walikuwa na viduara shavuni, nikadhani moshi umewachubua. Hata hawakuniona, walishazama kwenye ubishi.

— Zamani moto ulikuwa wa wiki, Betri akasema akimimina. Siku hizi mmoja hujauzika, mwingine unabisha hodi.

— Ni sera hiyo, Waziri akadakia. Wakubwa wa dunia wamekutana, wakakubaliana kupunguza moshi. Haya, ukipunguza maji kwenye ndoo, si unayamwaga mahali?

— Unayamwaga.

— Basi moshi wao wameumwaga kwetu. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Acha kamba! Betri akaruka. Ni yale mafeni makubwa waliyosimika mlimani, eti ya umeme. Umeona wapi feni isiyopuliza? Yanatusukumia moshi.

— Na yanawashwa na nani?

— Na upepo.

— Upepo uwashe feni, feni itoe upepo?

— Ndiyo maana moshi hauishi!

— Mnalialia bure, Kipaza akanguruma, halafu akakohoa kwenye leso mpaka macho yakamtoka. Samaki mbichi na samaki wa moshi, yupi anaoza kwanza?

— Mbichi.

— Haya. Sisi tunakaushwa, tutaishi miaka mia na nusu. Mimi usiku nafungua madirisha yote, navuta. Chanda chema huvikwa pete!

Wakacheka, na mimi nikacheka, nitafanyaje, Waziri huyu ndiye aliyemshonea mwanangu shuka lake la kwanza kwa vipande vya gauni la mtu. Kisha filimbi ikalia mgongoni mwangu. Wakageuka.

— Mjukuu wangu ana nini? Betri akauliza.

Nikamwaga yote kwa pumzi moja, usiku, zahanati, nesi.

— Kasema chumba kisicho na moshi. Wazee wangu, mnajua sina mtu hapa. Chumba hicho kiko wapi?

Waziri akachungulia kikombe chake. Betri akatikisa birika, tupu. Watu waliokwisha kuutatua moshi wa dunia nzima! Nikainuka na machozi yangu.

Sijafika mbali nikasikia kikohozi nyuma. Kipaza.

— Binti, chumba changu cha kurekodia nimekiziba kila tundu, ukuta mzima sponji ya vinundu. Pasipopita sauti, moshi utapita wapi? Na kiyoyozi kimo. Mimi na mama yako, mke wangu, tunalala humo. Nina pumu, mwanangu, tangu utotoni. Mlete mtoto. Ila usimwambie mtu, wataniona mwoga.

Nikaapa.

Jioni nikasukuma ule mlango mzito. Hewa safi ikanipiga mpaka kichwa kikazunguka. Mke wa Kipaza akampokea mwanangu. Macho yalipozoea giza, nikaona watu wamejipanga sakafuni: Betri na mkewe, na kule pembeni Waziri, shavu kwenye sponji ya vinundu, anajifanya amelala.

— Asubuhi jibu lilikuwa mdomoni, Betri akanong'ona. Lakini kila mtu hapa aliapa.

Nikaweka sikio kwenye kifua cha mwanangu. Filimbi ilikuwa inafifia, inafifia. Ndipo nikawakumbuka mapacha wa jirani yangu, wanavyokohoa ukuta wa pili.

— Baba, niruhusu nimwambie mmoja tu. Ana watoto wawili.

Kipaza akashusha pumzi. Waziri, macho yamefumbwa, akasogea ukutani kuacha nafasi.

— Mlete, Kipaza akasema. Ila aape hatamwambia mtu mwingine.

— Ataapa, baba.