Loise Kadenge na Taa za Matanga Yake

Wasifu huu ninausoma mimi, Naomi, kitinda mimba wa nyumba yetu. Mtanisamehe, ninausoma kwa hasira.

Dada yetu Loise alizaliwa Rabai tarehe 9 Juni 1963, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kadenge, aliyekuwa karani kwenye gati la meli la Mbaraki. Alisoma hapa kisiwani, kisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alihitimu mwaka 1987 akarudi kufundisha.

Mapenzi yake yalikuwa nyota moja ndogo ya mkia, bonge la barafu na vumbi lisiloonekana bila darubini, linalolizunguka jua na kurudi karibu kila miaka sita. Yeye na wanafalaki wa nchi nyingine walipokezana kuupima mwanga wake. Kwao kukiwa mchana, zamu ilikuwa ya Loise, juu ya paa lake Kibokoni. Kila iliporudi ilikuwa imefifia zaidi. Majirani walizoea kumzimia taa bila kuombwa.

Aliolewa na Masha mwaka 1990. Siku ya harusi aliwaacha wageni mezani akapanda paani na shela lake. Masha alimfuata na sahani ya pilau, akawa anamlisha yeye akiendelea kupima.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Hospitalini alimwambia bintiye, Cynthia, "Mwanangu, safari hii huenda ikawa ya mwisho kwa nyota yangu. Nisipokuwapo, nipimie wewe." Alifariki Jumatatu, 11 Mei 2026, nyota ikiwa imeanza kuonekana.

Sasa niseme lisilochapwa katika programu. Kaka yetu Ngowa, mwenyekiti wa matanga, alileta jenereta na mataa makubwa kama ya uwanja wa mpira. Cynthia alipanda paani, asione kitu, akashuka analia. Jirani yetu Bi Fadhiya aliita kutoka dirishani, "Zimani hizo taa, mtoto afanye kazi ya mamake!" Ngowa akamjibu, "Msiba wa mtu mkubwa haukaliwi gizani." Jioni zote tangu hapo zimepotea. Eti damu nzito kuliko maji! Jirani alijua marehemu anataka nini, sisi ndugu tukamwashia sherehe. Aibu yetu.

Leo ndiyo jioni ya mwisho. Kesho nyota itakuwa imemezwa na mwanga wa jua.

Marehemu ameacha mume, Masha, binti, Cynthia, na ndugu wawili, Ngowa nami. Tukirudi Kibokoni tutakaa gizani. Ufunguo wa jenereta niliutia mkononi mwa marehemu asubuhi, kabla jeneza halijafungwa. Anayeutaka amwombe mwenyewe.

Lala kwa amani, dada.