Kaleb Shemboza, Mwinjilisti Aliyemfuata Kijana Mmoja

Mwinjilisti Kaleb Shemboza, ambaye tumekuja kumsindikiza hapa Kwedizinga leo Alhamisi tarehe 12 Agosti 1976, alizaliwa tarehe 14 Machi 1919 huko Bumbuli, milima ya Usambara. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ernesti Shemboza, seremala wa misheni, na Mama Efrazia. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alizaliwa na siafu miguuni. Tangu alipojua kutembea hakuna aliyemwona akila amekaa. Alikula akizunguka nyumba, bakuli mkononi.

Alisoma shule ya misheni Bumbuli kuanzia mwaka 1929 na kumaliza darasa la sita mwaka 1935. Kwa Maandiko alikuwa wa kwanza, kwa utulivu wa mwisho. Mwalimu wake alichoka kumrudisha kwenye dawati, akampa kazi ya kupiga kengele ili angalau awe na ruhusa ya kutoka.

Kati ya mwaka 1937 na 1945 alifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Huko alianza kuwakusanya vibarua vijana kwa sala za jioni, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Tarehe 5 Januari 1946 alifunga ndoa na Rosina, binti wa Bumbuli, na mwaka huo huo akaingia chuo cha wainjilisti. Mungu aliwajalia watoto wawili, Yordani mwaka 1947 na Justa mwaka 1953. Mama Rosina akiulizwa habari za ndoa yake hujibu, "Nimeolewa na upepo. Kazi yangu kushika madirisha."

Mwaka 1949 alipangiwa Kerenge, akatumika huko miaka ishirini. Baada ya Uhuru alianza kukosa usingizi. Vijana walikuwa na mikutano yao, gwaride, mpira, na dansi mjini Korogwe. Kanisani walibaki wazee mbele na watoto pembeni, na katikati pakawa kama kinywa kilichong'oka meno. Marehemu aliwafuata uwanjani, aliwafuata mtoni, akarudi na ahadi nyingi. Jumapili ilipofika ahadi hazikuja.

Ilikuwapo desturi moja ya kanisa ambayo yeye mwenyewe aliisimamia. Nyumbani, kijana akimtorosha binti, wazee wake hutuma ujumbe kesho yake kwa wazazi wa binti: "Msimtafute, yuko kwetu." Mazungumzo yakiisha, ndoa imekuwa ndoa. Kanisani haikuwa hivyo. Majina ya wote wawili yalisomwa mbele ya ushirika, nao wakatengwa. Walikaa benchi la nyuma bila kushiriki Meza ya Bwana mpaka watubu hadharani.

Mwezi wa Juni mwaka 1969 Yordani alimtorosha Raheli. Koo zote mbili zilipatana bila ugomvi. Jumapili ya tarehe 22 Marehemu alisimama mbele akasoma majina ya waliotengwa, na la kwanza lilikuwa la mwanawe. Wazee wa kanisa walimpa mkono nje, wakasema huyu ndiye mtumishi asiye na upendeleo. Yordani alikuwa ameshatoka kabla ya sala ya mwisho. Wiki ile ile alimchukua mkewe wakaenda Handeni, wakajiunga na kijiji kipya cha Ujamaa hapa Kwedizinga.

Januari 1970 Marehemu aliomba uhamisho aje hapa. Aliuambia ushirika wa Kerenge kwamba anakwenda kuwavuta vijana wa vijiji vya Ujamaa. Ilikuwa kweli, ila Mama Rosina alijua ni kijana yupi.

Wanakijiji mnakumbuka miaka ile. Alihamisha ibada kutoka asubuhi kwenda alasiri, akairudisha asubuhi. Alileta mpira. Alilima nao kwenye shamba la pamoja, akihubiri kati ya mistari ya mahindi mpaka mwenyekiti wetu, Mzee Isihaka, akamwambia, "Mwinjilisti, sisi tuna mwadhini mwenye sauti ya simba, na vijana bado wamelala. Usidhani umeonewa peke yako."

Halafu akaleta ngoma kanisani. Mpigaji hodari kijijini alikuwa Mwinjuma, na Mwinjuma ni Mwislamu, lakini alikubali kwa ujirani. Siku hiyo kanisa lilijaa hadi mlangoni. Nyimbo zilipokwisha na Biblia ikafunguliwa, vijana walitoka mmoja mmoja kama kuku waliomaliza mtama. Mwisho wa mahubiri alibaki kijana mmoja tu, Mwinjuma.

"Wewe ndiye uliyeguswa na Neno?" Marehemu alimwuliza.

"Hapana, baba Mwinjilisti," alijibu Mwinjuma. "Umeiegemea ngoma yangu."

Marehemu alicheka kuliko wote. Lakini jioni ile alizunguka kanisa mara nyingi, na hakula.

Jibu alilipata shambani, wakati wa kupalilia, kwa mkwewe Raheli. Alimwuliza bila kuzunguka kwa nini vijana hawaji, hata yeye.

"Baba, nikisema utakasirika," alisema Raheli.

"Sema, mama."

"Hapa karibu kila aliyeoa alitorosha. Nyumbani naitwa mke wa mtu, nimeshazaa, wazee wananibariki. Nikiingia kwenu mimi ni mzinzi, nakaa nyuma, na watoto wanageuza shingo kunitazama. Sasa unatupigia ngoma tuje tutazamwe?"

Marehemu aliinamia jembe lake. Aliendelea kupalilia, na Raheli husimulia kwamba siku hiyo alikata mahindi pamoja na magugu.

Jumapili ya tarehe 14 Oktoba 1973 alipanga ibada kama kawaida, kisha akatembea hadi benchi la nyuma, akakaa. Aliongoza nyimbo kutoka hapo, akahubiri kutoka hapo. Mzee wa kanisa, Mzee Mdoe, alimwuliza mbele ya watu wote, "Mwinjilisti, nani amekutenga?"

"Hakuna, mzee wangu," alijibu. "Nikiwa mbele hawaji. Naomba mnivumilie nijaribu kuwa huku."

Mzee Mdoe alimshtaki kwa mchungaji. Alionywa, akaomba radhi, na Jumapili iliyofuata akakaa pale pale. Vijana walianza kuingia wawili wawili, wengine kwa udadisi tu. Raheli aliingia mwaka 1974, amebeba mtoto mgongoni. Yordani alimsindikiza na baiskeli mpaka nje ya dirisha, akasimama hapo ibada nzima. Hakuingia.

Mwishoni mwa mwaka 1975 Marehemu alianza kuvimba miguu. Madaktari walisema ni moyo, wakamwamuru apumzike. Mei 1976 alilazwa hospitalini Korogwe, na zaidi ya mara moja wauguzi walikuta kitanda kitupu, mgonjwa akiwa nje anazungumza na madereva wa matrekta.

Mwanzoni mwa Agosti Yordani alifika hospitalini kumwona, na lori la kijiji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jumapili uende kanisani mapema, utakosa nafasi."

"Baba, mimi sitatubu kwa kumwoa Raheli."

"Sijakuomba utubu. Nimesema uende mapema."

Jumapili hiyo Yordani hakwenda. Jumanne, tarehe 10 Agosti 1976, alfajiri, Marehemu alifariki dunia, Mama Rosina akiwa amemshika mkono.

Jana familia ilimtaja mtu wa kusoma wasifu huu ndani ya kanisa. Ikaulizwa kama aliyetengwa anaweza kusimama mbele. Mzee Mdoe akasema, "Asome. Tukikataa tutakuwa tunabishana na maiti, na huyu hata alipokuwa hai hatukumshinda."

Marehemu ameacha mjane, Mama Rosina; binti yake Justa, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; mkwewe Raheli na wajukuu watatu; ndugu zake wa Bumbuli; jirani yake Mzee Isihaka; vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri; na mwanawe Yordani, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, akiwa ndani ya kanisa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1969. Kama Jumapili ataingia tena, hajasema.

Bwana ampokee mtumishi wake Kaleb, ampe pumziko na amani.