Madam Cheruto na Vikombe vya Saa Nne

Mniwie radhi kwa kuchelewa. Maneno haya yalitakiwa tangu mwezi wa sita, lakini mtoto wangu alianza kuota meno, na kila nikishika kalamu analia. Sasa imebaki wiki moja, kwa hivyo yapokeeni yalivyo.

Madam Emmy Cheruto anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na moja katika wakala wetu wa bima hapa Nakuru. Alianza mapokezi, akahamia madai, na tangu hapo kazi yake imekuwa moja: bima ya fidia kwa wafanyakazi wa biashara ndogo. Karakana za Kaptembwo, bekari za Bondeni, vinu vya posho mpaka Kabazi, kote wanamjua.

Wenye biashara wengi hudhani bima hii ni ya kampuni kubwa. Madam amewaeleza bila kuchoka kwamba ukimlipa mtu akufanyie kazi, akiumia kazini wewe ndiye utaulizwa. Bima ndiyo hubeba matibabu, sehemu ya mshahara akiwa hawezi kufanya kazi, na fidia akipoteza kiungo. Ada hutegemea mishahara ya mwaka na hatari ya kazi yenyewe. Kibarua naye anaingia.

Lakini watu huacha jamaa zao nje. Kwa hivyo Madam hakuenda kwa mteja asubuhi na mapema. Alifika saa nne, wakati wa chai, akahesabu vikombe, maana kila anayefanya kazi hapo ana chake. Ladan, mwenye bekari Bondeni, alimwambia ana wafanyakazi wanne. Vikombe vilikuwa sita.

"Na hawa wawili?"

"Huyu ni shemeji, Madam. Huyo mwingine anasaidia tu."

"Wanalipwa?"

"Nawapatia kitu kidogo."

"Basi waandike."

Ladan alinung'unika kwamba anaandikishwa ukoo mzima. Mwaka uliofuata mashine ya kukanda unga ilishika mkono wa huyo shemeji, Ubaid, na vidole viwili vikaenda. Ladan aliripoti mara moja, Madam akafuatilia madai mpaka hospitali ikalipwa na Ubaid akapata fidia yake. Bekari haikufungwa. Siku hizi Ladan akisikia Madam anakuja, anapanga vikombe mezani mwenyewe.

Ofisini alikuwa mkali kwa faili na mpole kwa watu. Chai alikunywa bila sukari, kisha akalalamika haina ladha. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi aliniachia meza ya dirishani, akanikataza kuizoea. Kazi iko nje, alisema.

Kuna jambo moja hajalimaliza. Bima ya Ndegwa, mwenye kinu cha posho Kabazi, inaisha Ijumaa hiyo hiyo. Ametuma majina matatu. Madam alipopita huko mara ya mwisho, vikombe vilikuwa vinne. Cha nne ni cha Jackie, mke wa ndugu yake Ndegwa, anayemimina mahindi kwenye kinu mtoto akiwa mgongoni. Ndegwa anasema huyo ni wa nyumbani. Jackie analipwa kila Jumamosi. Madam amesema jina hilo lisipofika, keki ya kumuaga Ijumaa hataikata, na mimi namjua.

Madam, asante kwa miaka yote na kwa viatu vyote ulivyomaliza. Nenda nyumbani Mogotio upumzike, ushinde na wajukuu, unywe chai bila kuhesabu vikombe vya mtu.

Bado nangoja kutumiwa haya. Kigen wa uhasibu, ile picha ya Madam akiwa mapokezi. Kila mteja, idadi ya watu mnaokuja nao Ijumaa, pamoja na wale wa kusaidia tu, ili chai itoshe. Na wewe Ndegwa, jina kamili la Jackie, namba yake ya kitambulisho na mshahara wake wa mwaka, kwa simu yangu kabla ya Alhamisi jioni. La mtoto usitume. Yeye hatumwandiki, ashushwe mgongoni leo, akae mbali na kinu.