Vidole Kumi Hadi Perth: Maisha ya Mzee Harrison Mwanzia Kimanzi

Mzee Harrison Mwanzia Kimanzi alizaliwa Mwala, Machakos, tarehe 14 Machi 1954. Mimi, Musyoki, ndimi niliyemfuata. Mwaka 1963 wazazi wetu walihamia hapa Lukore, na hapa alipanda minazi, ijapokuwa wali wa nazi hakuupenda hata siku moja.

Alisoma hadi darasa la saba, 1970. Mwalimu alimpa tufe la dunia lililopasuka, naye akalitunza kuliko kitanda chake.

Tangu 1979 hadi 2014 alifanya kazi katika kiwanja cha ndege cha Ukunda. Alifyeka nyasi, akafukuza nyani, akabeba mizigo. Mgeni akitaja kwao, Mwanzia akifika nyumbani alinyoosha kamba juu ya tufe na kuipima kwa vidole. Kidole kimoja ni kilomita mia nane na hamsini, mwendo wa ndege wa saa moja. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda.

Mwaka 1981 alimwoa Kavenya, wakajaliwa Wayua na Kimanzi. Wayua ni muuguzi huko Perth, Australia. Alipokuja nyumbani mara ya kwanza, Julai 2012, Mwanzia alipima: vidole kumi, saa kumi. Tukaenda uwanja wa Mombasa, mbuzi ameshachinjwa. Saa kumi zikapita. Nyingine kumi zikapita.

"Baba Wayua," akasema Kavenya, "kamba yako imemtupa mtoto baharini."

Mhudumu mmoja akacheka. "Mzee wangu, hakuna ndege inayokata bahari hiyo moja kwa moja kuja hapa. Atapita Dubai, kisha Nairobi."

Mwanzia hakukasirika. Alikata kamba nyingine, ndefu, akaifunga fundo penye Dubai na fundo penye Nairobi. Ikawa kilomita elfu kumi na tatu, na pamoja na kungoja, saa ishirini na saba. Tangu hapo hakukosea.

Kisukari kilimwanza 2019, kikamwingia figo. Oktoba mwaka huu alilazwa Msambweni. Alinishika mkono akaniambia, "Musyoki, msinizike kabla Wayua hajafika. Saa ishirini na saba, na mbili za barabara ya Dongo Kundu hadi nyumbani. Mimi sina haraka tena."

Alituaga Jumanne, 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi.

Wazee wa ukoo walitaka azikwe Alhamisi. Niliwakatalia, nao wanisamehe. Wayua alipanda ndege Alhamisi hiyo, jioni kwa saa zetu. Leo Ijumaa asubuhi, ninapopeleka karatasi hii kupigwa chapa huko Kona ya Musa, yuko kwenye fundo la Dubai. Maziko ni kesho.

Ameacha mjane wake Kavenya, watoto Wayua na Kimanzi, wajukuu watano, nami nduguye.

Kamba ninayo mfukoni, ni ya Wayua. Mkinisikia nikiyasoma haya, mjue ameketi hapo mbele, maana kabla hajafika sisimami.

Lala, Mwanzia. Hesabu yako ilikuwa sawa.