Jani la Kumwitia Paa

Hared, itoe hiyo bunduki nje kwanza, kisha urudi ukae hapa karibu na kichwa changu, kwa sababu sauti yangu haifiki mbali tena na sitaki mtu akusimulie kesho nilichosema leo. Mahamed, kitindamimba wangu, umekuja mbio kutoka Garissa na kalamu yako ya ualimu. Andika, lakini usinisahihishe. Yurub, binti yangu, mwekee mama yako ule mto mgongoni. Na wewe Gelle, jirani yangu, nimekuita uwe shahidi kwa kuwa ulikuwepo siku ya baraza lile, na kwa kuwa u mkaidi tangu utoto wetu, na maneno ya leo yanahitaji shahidi asiyeyumbishwa.

Barwaqo, mke wangu, wewe nakuomba kitu kimoja tu: ukiweza, nisikilize mpaka mwisho. Ukishindwa, toka. Sitakulaumu.

Nianze na lililo jepesi. Ng'ombe waliobaki baada ya mafuriko ya mwaka jana na ule ugonjwa uliofuata maji mnawajua wote kwa majina, na mtawagawana kama sheria ya Mwenyezi Mungu inavyogawa, bila kupigiana kelele. Punda wa maji nimempa Yurub leo, nikiwa hai, wala hayumo kwenye mirathi, kwa hiyo mtu asimtazame punda wa dada yake kwa jicho la tamaa. Hayo yamekwisha.

Sasa Banade. Uwanda ule hauna hati, na ofisini wana jina lao la kuuita, lakini kila mtu kutoka hapa Ijara hadi Masalani anajua kwamba babu yenu aliufunga na mimi nikaufunga baada yake. Mvua fupi zikitoa harufu tu, ng'ombe watoke, miba ilazwe kwenye njia zote tatu, na mguu wa mtu usiingie mpaka arawla, swala wa uwanda huu, wazae na ndama wao wawe na mbio. Nyasi ndefu za ukingoni msizilishe hata zikiwatamanisha, kwa maana ndama hulala humo siku zake za kwanza, mama yake akijifanya hamjui. Mbwa wabaki nyumbani. Mchoma mkaa akija na chai na sukari, inyweni chai yake, kisha mfukuzeni. Na kwenye silanga, bwawa letu la maji ya mvua, ng'ombe wanywe adhuhuri waondoke, ili jioni maji yawe ya twiga, ya paa, ya kanga, na ya wale wengine ambao hawana mtu wa kuwatekea. Baba yangu alikuwa akiwatazama arawla wakilisha ubavuni mwa ng'ombe wetu, akaniambia, "Siku ukiwakosa hawa, jua malisho yameugua, na ng'ombe wako ndio watakaofuata." Nimeishi miaka sabini na sijamwona amekosea.

Na sheria iliyo kubwa kuliko zote, Banade ukiwa umefungwa hakuna kuwinda. Si paa, si kanga, si hata sungura. Nilitangaza hilo mwenyewe mlangoni pa msikiti, kila mwaka, kwa kinywa hiki. Kumbukeni hilo, kwa kuwa ninakokwenda sasa ni huko.

Hared, jana nilikusikia. Ulidhani nimelala. Ulikuwa ukimuuliza msafiri mmoja mwenye punda juu ya njia ya Masalani, na kivuko, na kama ni kweli Mboni mmoja mzee aitwaye Sugow anaonekana pale karibu na mto akiuza asali. Kisha nikakusikia ukiipangusa bunduki. Umeshika kiapo ulichokula miaka sita iliyopita juu ya kaburi la ndugu yako, na ningekuwa sijui ninalojua, ningekusifu. Mwanangu, Sugow hakumuua Kadar.

Ngoja. Nimesema ngoja. Kaa chini.

Mahamed na Yurub mlikuwa mnamwona Sugow akipita tu, kwa hiyo niwaeleze alikuwa nani kwangu. Ni Mwaweer, wa watu wale wa msituni ambao sisi tunawaita Waboni kwa kuwakunjia pua, kwa sababu wanakula kwa upinde na sisi tunakula kwa maziwa. Nilipokuwa kijana alinikuta nimepotea na ndama wa baba yangu, akanilaza kwake, akanilisha asali, na tangu siku ile hatukuachana. Ndiye aliyenionyesha kwamba jani la mti wa mswaki, likiwekwa kati ya midomo na kupulizwa kwa namna fulani, hulia kama paa mchanga aliyeshikwa, na kila paa anayelisikia hutoka kichakani kuja kuangalia. Mambo yale yalikuwa ya kunifurahisha tu, kwa kuwa mtu wa ukoo wetu akionekana na upinde, hata binti zake wangekosa wachumba. Nami nilimfundisha Kadar jani lile alipokuwa mdogo, achezee, na nilimfundisha vizuri mno.

Mnaukumbuka mwaka wa tisini na mbili. Mvua fupi zilichelewa, nami niliufunga Banade vilevile, na watu walinicheka kwamba nafungia vumbi. Ng'ombe walikufa hata tukaacha kuwaburuta mbali na boma, na waliobaki hawakuwa na nyama wala maziwa. Yurub alikuwa amejifungua huyu Abdisalam wake, na maziwa yake yalikauka, na mtoto alikuwa analia kwa sauti ndogo zaidi kila siku. Barwaqo, wewe ndiye uliyeniambia, "Huyu binti asipopata kitu cha kutia damu, tutawazika wawili." Uliniambia jioni. Sikulala.

Sugow alikuwa amenipa upinde na mishale mitatu miaka mingi nyuma, nikaificha kwenye mti wenye pango, ukingoni mwa uwanda. Alfajiri niliswali, nikatoka kama ninayekwenda kutazama miba, nikauchukua upinde, nikaingia Banade. Mimi niliyekataza. Jua lilikuwa halijatoka vizuri. Nilikaa chini ya mti wa mswaki, nikachuma jani, nikaita.

Nikajibiwa.

Ng'ambo ya kichaka kile cha miba, paa mchanga alilia. Nikaita tena, naye akaita tena, karibu zaidi, na moyo wangu ukafurahi, wallahi ulifurahi, nikasema Mwenyezi Mungu amemwona Yurub. Tuliitana hivyo mara nne au tano. Kisha majani yakatikisika chini chini, kwa kimo cha mnyama, na kitu cha rangi ya vumbi kikasogea. Nikasema Bismillahi, nikaachia.

Alikuwa amejikunyata akitambaa kwa magoti, na ile fulana yake ya kahawia.

Usitoke, Barwaqo. Basi, toka. Yurub, mfuate mama yako, umshike, msiende mbali. Mahamed, andika. Ukilia, lia, lakini andika.

Kadar alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na Timiro alikuwa ameposwa kwa ajili yake. Alikwenda kuwinda kwa siri, kwa sababu ileile iliyonipeleka mimi, kwa dada yake, na alikuwa akinificha mimi kama mimi nilivyokuwa nikimficha yeye. Kama tungekuwa watu wa upinde, tungetoka pamoja tukiongea njiani. Tulioneana aibu. Mshale uliingia hapa, chini ya mbavu, na sumu ya Waaweer haimpi mtu muda. Nilimlaza mapajani. Mnajua aliniambia nini? Hakuuliza kwa nini nina upinde. Alisema, "Aabo, nisamehe, nimevunja sheria yako. Usimwambie mama kwamba nilikuja kuwinda." Mimi nikasema nimekusamehe. Nilimsamehe, mimi! Ulimi wangu haukuweza kumwambia kwamba nami nimekuja kuwinda, na kwamba mimi ndiye wa kuomba, na kabla sijapata neno akawa amekwenda. Jani lilikuwa bado limeshika mdomo wake wa chini.

Nililichukua jani. Upinde nikauvunja nikautupa mbali. Mshale sikuweza kuuchomoa, mikono ilikataa. Nikaja nyumbani nikipiga kelele kwamba nimemkuta, na hilo lilikuwa kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilitokea na la pili nililichagua.

Gelle, yaliyofuata unayajua. Ulipoushika mshale, uliona mikato mitatu ya Sugow shingoni mwa mshale wenyewe, maana kila Mwaweer ana alama yake. Aliitwa. Akaja mwenyewe, hakukimbia. Mlimwuliza huu ni wa nani, akasema, "Ni wangu," akanitazama. Mlimwuliza uliingiaje mwilini mwa kijana huyu, akanyamaza, akanitazama. Aliujua mshale aliompa nani. Alinisubiri, Gelle. Watu wote wa baraza walidhani anasubiri huruma, lakini alikuwa ananisubiri mimi niseme, na mimi nilitazama vidole vya miguu yangu mpaka mlipomaliza kuhukumu kwamba ameua na afukuzwe. Hakunitaja. Mpaka leo hajanitaja kwa mtu.

Hared, wewe uliichoma nyumba yake na mizinga yake ya nyuki, na mkewe akatembea na watoto mpaka mto Tana bila sufuria. Dhambi ile siyo yako peke yako. Niliuona moshi, nikasema moyoni nitasema kesho. Kesho zikawa miaka sita. Mlinisifu kwa kufunga miezi miwili mfululizo baada ya msiba, mkasema mzee amekuwa mcha Mungu. Ilikuwa kafara ya aliyeua bila kukusudia. Nilimlipa Mwenyezi Mungu kwa siri, nikamwacha mtu alipe kwa niaba yangu hadharani.

Maji. Kidogo tu. Inatosha.

Haya ndiyo ninayoyataka, na Gelle ashuhudie. Sheria inaniruhusu kumpa asiye mrithi wangu theluthi ya mali. Theluthi yangu ni ya Sugow, na akiwa amekufa, ni ya mkewe na watoto wake. Nyumba ajengewe mahali pake pale pale, na Hared ndiye atakayekata miti. Na Banade atautunza yeye. Najua mtasema Mboni hawezi kuamuru wenye ng'ombe. Mvua zikija, yeye ndiye atakayesema siku ya kulaza miba na siku ya kuitoa, nanyi mtamtii, kwa kuwa mimi niliyekuwa na ng'ombe niliivunja sheria ya uwanda, na yeye aliyekuwa na upinde hakuwahi kuivunja. Gelle, wewe utakwenda mlangoni pa msikiti Ijumaa, baada ya swala, uyaseme haya yote kwa sauti, na jina langu ulitaje kwanza. Usinipunguzie.

Kaburi... nilikuwa nimejichagulia ubavuni mwa Kadar. Silitaki tena bila idhini. Muulizeni mama yenu. Akisema nilazwe mbali, nilazwe mbali, na mtu asimbembeleze.

Jani limo ndani ya Msahafu wangu, limekauka. Ni la Barwaqo. Mpeni atakapoweza kulishika.

Hared, njoo karibu. Zaidi. Bunduki iache hapo ulipoiweka, uende Masalani mikono mitupu. Watakuelekeza alipo, upande wa pili wa mto, kwenye migomba. Atakuwa anaogopa akikuona, naye ana haki. Basi usimnyemelee. Usikae kimya kichakani ukimngoja atoke. Ukiwa bado mbali, simama mahali peupe, umwite kwa jina lake, na useme jina lako, na jina la baba yako. Asubuhi ile nilikuwa na pumzi ya kupuliza jani mara tano, na sikuwa na pumzi ya kuuliza mara moja, nani huyo? Mmoja wetu angeita jina tu... jina tu, Hared.

Nenda sasa, kungali mchana. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, wewe na ndugu zako. Awape mvua zisizobomoa, na maziwa, na ndama wanaosimama. Awape ulimi mwepesi, wanangu, mwepesi kuliko wangu. Abdisalam akikua, mwambieni alipendwa sana... na watu wawili, asubuhi moja.

Mahamed, weka kalamu. Nilaze upande huu, uso kwa kibla. Hapo. Nani yupo mlangoni? Sioni vizuri. Kama ni Barwaqo, mwacheni asimame anapotaka.

Mimi nami nitaita. Nikifika, sitaita kwa jani. Kadar. Kadar, aabo... ni mimi, baba yako. Nilikuja kuwinda. Toka huko, mwanangu, nikuone.