Mwalimu Kwa-Kifupi

Marehemu Mwalimu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Kwa-Kifupi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Walikuwa watu kumi na mmoja, wote wakisema kwa pamoja, na yeye ndiye aliyetumwa kumweleza babake kila jioni mama amesema nini.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, akaingia sekondari ya bweni mwaka 1965, na kuhitimu chuo cha ualimu mwaka 1972.

Kwa miaka thelathini na minne alifundisha watu wazima mazungumzo ya Kiingereza, chumba namba sita, juu ya duka la vioo. Wahudumu wa hoteli, wauguzi na madereva walipita mikononi mwake. Kanuni yake ilikuwa moja: humjibu mtu mpaka urudie alichosema kwa maneno yako machache, naye aitikie kwa kichwa. Asipoitikia, unaanza upya.

Mwaka 1976 fundi saa mmoja wa dawati la nyuma alisimama akatoa maelezo marefu yasiyo na kichwa wala miguu. "Kwa hiyo unasema unataka kunioa," Mwalimu akamfupishia. Fundi akaitikia. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba mwaka huo. Mpaka anafariki mwaka 2008, mzee alishikilia kwamba alikuwa anaomba kuhamia kiti cha dirishani.

Ukweli usemwe: nyumbani kanuni hiyo ilichosha. Tena uzee ulipoingia, Mwalimu alianza kufupisha kabla mtu hajamaliza. Kitindamimba wake, mshonaji, aliyeandika maneno haya, alikwenda siku moja kumweleza jinsi ndoa yake ilivyovunjika. Hajafika nusu, akaambiwa, "Kwa hiyo unasema umechoka." Binti akabeba mkoba wake akaondoka, na kwa miaka miwili wakabaki kusalimiana kwa simu. Hakuwa amechoka. Alikuwa anaogopa.

Tarehe 3 Februari 2021 Mwalimu alipata kiharusi, kikamnyang'anya usemi. Kilichobaki ni kuitikia na kukataa kwa kichwa. Binti alihamia kwake, na wageni walipofika yeye ndiye aliyemsemea: mama anashukuru, mama anataka kulala. Mama alikataa. Inaudhi, jamani, kumuuguza mtu wiki kumi na moja naye anakukatalia kila neno. Jioni ya mwisho binti alishindwa kuvumilia, akakaa kitandani akamwaga yote, ya ndoa na ya miaka yote, mpaka mwisho. Safari hii hapakuwa na wa kumkatiza. Mama alimtazama, midomo ikihangaika.

"Unasema pole?"

Akakataa.

"Unasema nimekosea?"

Akakataa.

"Sasa unasema nini, Mama?"

Alifariki tarehe 21 Aprili 2021, saa moja na robo asubuhi, kabla binti hajapatia.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na wanafunzi ambao hawahesabiki.

Haya ndiyo maisha yake kwa kifupi. Kwa kanuni yake mwenyewe hayajakamilika, maana mwenyewe hajaitikia. Pumzika kwa amani, Mama. Tutaanza upya.