Mama Matope na Ndoo ya Bati

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi, fundi mkuu wa maabara yetu ya mazingira anastaafu tarehe 30 Juni. Sote tunamwita Mama Matope. Jina hilo alipewa na mfagizi, aliyechoka kupiga deki nyayo zake kutoka mlangoni hadi kwenye sinki.

Alianza kwa kuosha chupa. Ndani ya miaka sita alikuwa akiwasahihisha waliomfundisha, kwa upole, ingawa si kila mara. Kazi aliyoipenda ni kupima mikoko. Miti hiyo hufyonza metali nzito, kama risasi na shaba, kutoka kwenye tope, na sehemu kubwa huizuia mizizini isipande hadi kwenye majani. Mama Matope alikata mizizi, akaikausha, akaisaga na kuipima, mwaka baada ya mwaka, bila kulegeza kamba.

Friji ya maabara ilipokufa, sampuli zilihamia nyumbani kwake. Mumewe, mtu mpole, alilalamika mara moja tu, siku alipotia sufuriani pakiti moja akidhani ni mihogo. Tangu siku hiyo kila pakiti iliandikwa SI CHAKULA kwa wino mwekundu.

Miaka kumi na tisa iliyopita ulitoka mpango wa kufyeka mikoko iliyo nyuma ya karakana za betri ili gati lipanuliwe. Tope la pale lilikuwa limeshiba risasi. Miti ikiondoka, tope lingevurugika na sumu ingesambaa hadi kwenye miamba ambako wifi yake na wenzake huokota chaza. Ripoti yetu ilionyesha risasi nyingi, na zinki nyingi kupita kiasi. Tuliifurahia sana ile zinki, maana ilitisha vizuri. Yeye peke yake haikumkaa rohoni. Siku mbili kabla ya kikao cha kuamua mpango huo alijaza maji ya chumvi kwenye ndoo tuliyobebea sampuli, akayapima kesho yake. Zinki ilikuwa inatoka kwenye ndoo. Ilikuwa ndoo mpya ya bati, na bati hupakwa zinki.

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Badala yake alisimama kikaoni, akaifuta takwimu ile kwa mdomo wake mwenyewe, akasema kosa ni lake na kuomba wiki tatu apime upya. Msimamizi wa mradi wa gati aliangua kicheko, akauliza kama risasi nayo ilitoka kwenye sufuria. Tulidhani mikoko imekwisha.

Tulirudi topeni na ndoo ya plastiki, miti arobaini na miwili, mmoja baada ya mwingine. Zinki ilishuka. Risasi haikusogea hata chembe. Katika kikao cha pili ni msimamizi yuleyule aliyesema kwamba ikiwa mtu amejifutia namba iliyomfaa, yeye msimamizi hana sababu ya kutilia shaka namba zake zilizobaki. Gati lilijengwa upande mwingine, na mikoko bado imesimama.

Sasa niseme jambo ambalo alinikataza kulisema. Ndoo ile niliinunua mimi. Nilikuwa mwezi wa tatu wa kipindi cha majaribio. Aliniagiza ya plastiki, nami nikajitia ujuaji, nikaleta ya bati kwa kuwa ilionekana imara zaidi. Alijua hayo yote aliposimama kusema kosa ni lake. Wiki iliyofuata nilipewa ajira ya kudumu, na Jumatatu hii nimekabidhiwa funguo zake.

Asante, Mama. Upumzike kwa afya na furaha, na friji yenu hatimaye ijae chakula. Daftari la makosa la maabara umeniachia mimi. Leo asubuhi nimefungua ukurasa wa ile ndoo, nikakata jina lako na kuandika langu.